Mwalimu Bandama na Kisu Kilichochomolewa

Ndugu waombolezaji, majirani, wakufunzi na wanafunzi wa chuo, na nyinyi mliosimama kule pembeni kwa sababu viti vimeisha, naomba radhi kabla sijaanza, kwa kuwa historia hii nitaisoma vibaya. Familia ilikaa kikao cha saa mbili kutafuta mtu mwenye sauti ya heshima, shangazi akamtaja mjomba, mjomba akasema meno yake ya bandia yanapiga filimbi akisoma kwa sauti, akatajwa shemeji, shemeji akaanza kulia kabla hajaulizwa, mwisho wote wakanigeukia mimi, mdogo wake marehemu, wakanitazama kama kiatu kilichobaki mlangoni baada ya wageni kuondoka. Kwa hiyo nikiruka mwaka, nivumilieni, nikicheka pa kulia, nivumilieni zaidi, na nikilia pa kucheka, mnipe maji.

Halafu kuna hili la pale getini, ambalo wote mmepita mkaliona na mkajifanya hamkuliona. Kijana mkubwa wa marehemu, fundi bomba, ambaye mimi ni baba yake mdogo, amesimama na wenzake watano, na ameshika kipande cha bomba la chuma ambacho hakuja nacho kuunganisha maji. Anamsubiri mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, binti anayeitwa Kidaftari kwa sababu hajawahi kuonekana bila daftari, aliyekaa mstari wa nyuma karibu na mlango wa jiko, na ambaye macho yake hayajainuka tangu asubuhi. Juzi Jumamosi daktari alituambia kwamba kisu kisingechomolewa mwilini mwa marehemu, marehemu angefika chumba cha upasuaji akiwa hai, na siku hiyo hiyo mtaa mzima ukaamua kwamba aliyekichomoa ni Kidaftari. Mwanangu, nimekusikia ukiapa kwamba hatoki hapa na mikono mizima. Nakuomba kitu kimoja tu, nisikilize mpaka mwisho wa karatasi, kurasa ni tano, na wewe una mkono wa fundi, hautachoka.

KUZALIWA. Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, saa nne asubuhi, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na choo kimoja, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mshona magunia, na alizaliwa kwa vurugu. Kichwa kilitoka salama, bega likakwama, mkunga akavuta kama mtu anayeng'oa muhogo, na mtulinga ukavunjika, yaani ule mfupa mwembamba unaolala kati ya bega na kifua, tena ulivunjika kwa mlio uliosikika mpaka chumba cha tatu. Mama yetu, aliyekuwa mwanamke mpole kuanzia Jumatano hadi Jumatatu, alimpiga mkunga teke la kifua akasema, "Umemvunja mwanangu!" na mkunga, akiwa amekaa ndani ya beseni la maji ya moto, akajibu, "Na wewe umenivunja mimi, mama, basi tumelingana!" Mfupa uliunga wenyewe kwa wiki tatu, kama unavyounga kwa watoto wengi, na miaka mingi baadaye marehemu alipenda kuwaambia wanafunzi wake kwamba mtoto huzaliwa na vipande vya mifupa karibu mia tatu, vinavyoungana taratibu hadi mtu mzima akabaki na mifupa mia mbili na sita, isipokuwa yeye, aliyeongezewa kipande kimoja kwa hisani ya mkunga.

ELIMU. Alianza shule ya msingi Januari 1968, katika darasa lenye watoto sabini na madirisha manne, akaendelea vizuri mpaka tarehe 9 Julai 1970, siku aliyopigana na mtoto wa mwalimu mkuu kugombea chaki nyekundu, akapoteza meno mawili ya mbele, tena ya kudumu, akachukua kama malipo kipande cha sikio la mwenzake, ambacho alikitema kiganjani, akakikandamiza, akatangaza mbele ya wote kwamba ndani ya sikio hakuna mfupa. Alikuwa sahihi, kwa kuwa sikio la nje limeshikiliwa na gegedu, lakini usahihi huo haukumwokoa. Mwaka 1973 alikutana na mwalimu wa sayansi aliyeitwa Radi, kwa jinsi kiboko chake kilivyoshuka, ambaye alimlaza juu ya dawati ampe viboko sita kwa kosa la kupasua chura wa shule bila ruhusa, na kiboko cha tatu kilipotua marehemu aligeuza shingo akauliza, "Samahani mwalimu, hapo unapopiga ni mfupa au ni msuli?" Radi akasema, "Ni tako, lala!" akapiga cha nne, marehemu akasema, "Najua ni tako mwalimu, naulizia ndani," na Radi, ambaye kwa miaka kumi na tisa ya kuchapa watoto hakuwahi kuulizwa swali la ndani, aliweka kiboko chini, akateremsha picha ya mwili kutoka ukutani, akamwonyesha kwamba pale pana msuli mkubwa kuliko yote mwilini, ndio unaotuinua tunapotoka kwenye kiti na tunapopanda ngazi, kisha akamrudisha juu ya dawati akamalizia viboko viwili vilivyobaki, kwa kuwa alikuwa mtu asiyependa kazi nusu. Marehemu alisema siku zote kwamba hilo ndilo lilikuwa somo lake la kwanza la anatomia, na kwamba alilisikiliza kwa makini kuliko yote yaliyofuata.

Alimaliza darasa la saba Novemba 1974, na kidato cha nne Novemba 1978, akafaulu biolojia kwa kiwango cha juu na kufeli karibu kila kilichobaki.

KAZI. Tarehe 4 Juni 1979 aliajiriwa machinjioni kama mtoa matumbo, katika jengo lenye sakafu ya saruji, mfereji katikati, reli juu na kulabu ishirini na nne, ambamo mtu aliingia akiwa mweupe wa aproni na kutoka akiwa mwekundu mpaka kwenye nyusi. Wenzake walitoa matumbo wakayatupa kwenye karai, yeye aliyanyoosha sakafuni akayapima kwa hatua, na alikuwa akipasua moyo wa ng'ombe na kutia kidole katika kila chumba, viwili vya juu na viwili vya chini, kuhakikisha kwamba vali zinafunguka upande mmoja tu na damu haina ruhusa ya kurudi ilikotoka. Msimamizi alimfokea kila siku, "Wewe mwenzetu, unachinja au unasoma?" naye akamjibu, "Nachinja, bosi, ila kwa kuelewa."

Tarehe 19 Agosti 1983, saa mbili asubuhi, fahali mmoja alikata kamba, akamrusha msimamizi juu ya mizani, akavunja mlango wa ubao, kisha akamkuta marehemu kwenye kona akinoa kisu na kumwingiza pembe upande wa kushoto, chini kidogo ya mbavu. Mbavu mbili zilivunjika, bandama ikapasuka, tumbo likaanza kujaa damu, na wenzake, kwa kukosa machela, walimpakia kwenye toroli la nyama wakakimbia naye barabarani hadi hospitali, wote wakiwa wametapakaa damu ya wanyama kumi na wanne waliotangulia, kiasi kwamba muuguzi wa mapokezi aliuliza, "Huu mzigo ni wa jikoni au wa mochwari?" na marehemu akainua kidole kutoka kwenye toroli akasema, "Wa wodini, dada." Daktari aliitoa ile bandama kabla damu haijamwisha, na mgonjwa alipozinduka neno lake la kwanza halikuwa maji wala mama, lilikuwa, "Iko wapi? Naomba niione." Wakamletea kwenye bakuli la chuma, ya zambarau, iliyochanika kama embe lililokanyagwa, akaishika, akaigeuza, akaeleza wodi nzima kwamba hicho ndicho kiungo kinachochuja chembe za damu zilizozeeka na kusaidia kupigana na maradhi, na kwamba mtu anaweza kuishi bila hicho mradi ajihadhari na maambukizi. Kuanzia siku hiyo watu wakamwita Bandama, jina la kiungo pekee ambacho hakuwa nacho.

Machinjioni hawakumrudisha, walisema anachelewesha kazi, hivyo tarehe 1 Februari 1985 alipata kazi ya mhudumu wa maabara katika chuo cha afya, kazi yake ikiwa kubeba ndoo ya mioyo, figo na mapafu kutoka machinjioni kila Jumatatu na kusafisha meza baada ya vipindi. Mwezi wa Mei 1987, akiwa anafuta meza ya nyuma, alimsikia mkufunzi akiwaambia wanafunzi arobaini kwamba ini liko kushoto, huku ameelekeza fimbo kwenye picha ya ukutani, na akashindwa kuvumilia. Alisema, "Samahani mkufunzi, ini liko kulia." Mkufunzi akamwambia, "Wewe wa ndoo, macho yako hayaoni fimbo imeelekea wapi?" Akajibu, "Imeelekea kushoto kwako wewe unayemtazama, lakini kwa mwenye mwili ni kulia, na mwenye ini ni yeye." Mkufunzi alimzaba kibao, marehemu, ambaye alikuwa na mkono wa machinjioni, akakirudisha na chenji, miwani ikaruka, picha ikachanika katikati ya kiuno, meza ya mapafu ikapinduka, na mkuu wa chuo alipoingia na kuwakuta wawili wamekabana juu ya sakafu inayoteleza aliuliza ni nini kimeanzisha, wanafunzi arobaini wakasema kwa sauti moja, "Ini, mkuu!" Mkuu aliwasimamisha kazi wote wawili wiki mbili, kisha, baada ya kwenda mwenyewe kuitazama ile picha kwa muda mrefu akiigeuzia mgongo na kuirudia, akamtafutia marehemu nafasi ya masomo, akasoma stashahada kuanzia 1988 hadi 1990, na tarehe 7 Januari 1991 akasimama mbele ya darasa kwa mara ya kwanza kama mkufunzi wa anatomia, fiziolojia na lishe kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Namna yake ya kufundisha wote mnaijua, na wengine mna makovu. Chuo kilikuwa na mwili wa plastiki wa kufundishia, aliouita Mzee, wenye viungo vinavyotoka na kurudi, na marehemu alianza kila kipindi kwa kumpiga Mzee ngumi ya tumbo, ini likaruka huku, figo zikabingirika chini ya madawati, mtu akapigwa na bandama ya plastiki usoni, kisha mwalimu akatazama saa na kusema, "Mtu amegongwa, amefunguka, mna dakika tatu awe mzima." Wanafunzi walisukumana, walikanyagana, waligombania utumbo kama watu wanaovutana kamba, na wale walioweka pafu la kulia kushoto walirudishiwa mkononi na kuambiwa wahesabu, pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili, kwa sababu kushoto moyo unahitaji nafasi ya kukaa. Kwa miaka ishirini na minane rekodi ya dakika mbili na nusu haikuvunjwa, mpaka mwezi wa Agosti mwaka huu, binti mmoja wa mwaka wa kwanza alipomjenga Mzee kwa dakika mbili na sekunde kumi, bila kumkanyaga mtu, kisha akakaa na kufungua daftari. Mwanangu uliye getini, baba yako alikuja nyumbani kwangu kwa miguu siku ile kunisimulia, na hakuwa mtu wa kutembea.

NDOA. Machi 1991, katika bwalo la chuo, marehemu alisimama na sahani yake mbele ya foleni ya watu na kumwambia mpishi mkuu, "Mama, hizi mboga za majani umezichemsha zimekufa, vitamini C yote imekwenda na moto na maji, umebakisha rangi tu." Mpishi mkuu, ambaye ndiye mjane wetu aliyekaa hapa mbele, alimuuliza, "Umemaliza?" akasema, "Bado, na maji yenyewe umeyamwaga," na mpishi akampiga na upawa wa chuma katikati ya uso. Pua ilivunjika, damu ikatiririka kwenye mboga, na marehemu, akiwa ameinamisha kichwa mbele na kubana pua kwa vidole viwili kama inavyotakiwa, si kukiangusha nyuma kama wengi wanavyofanya, alisema kwa sauti ya mtu mwenye mafua, "Sasa angalau zina madini ya chuma." Wapishi wenzake wanasema alicheka mpaka akaketi juu ya gunia la mchele. Walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 5 Desemba 1992, bwana harusi akiwa na pua iliyoelekea kulia, kulia kwake yeye, na tangu hapo mboga za chuo zikaanza kupikwa kwa maji kidogo na muda mfupi, na marehemu hakuwahi kumwinulia mkewe mkono, wala upawa haukuinuliwa tena, ingawa ulibaki umetundikwa mahali anapouona.

WATOTO. Walijaliwa watoto wawili, wa kwanza ni kijana wao fundi bomba, aliyezaliwa tarehe 30 Aprili 1994, na wa pili ni binti yao dereva wa lori, aliyezaliwa tarehe 11 Oktoba 1997, ambaye amesafiri siku mbili kuja kumzika baba yake na bado ana grisi kwenye kucha. Aliwalea kwa maswali kuliko kwa fimbo. Kijana alipopigana shuleni na kurudi na jino mkononi, baba yake hakuuliza nani ameanza, aliuliza, "Ni la nani, na ni chonge au ni gego?"

LISHE NA UGOMVI WA SOKONI. Katika ukurasa huu familia iliniandikia mistari miwili, nimeongeza. Kuanzia Mei mwaka huu wa 2019, pale mlango wa soko, alisimama mtu na kipaza sauti akiuza maji mekundu kwenye chupa, akisema yanaongeza damu kwa siku saba, na kwamba anayeyanywa aache maharage, aache maini, aache mboga, kwa sababu vyakula hivyo eti vinazuia dawa isifanye kazi. Wajawazito waliyanywa, wakaja kliniki midomo imepauka kama karatasi, na mmoja akazimia kwenye ngazi za chuo. Tarehe 22 Juni marehemu alipanda juu ya kreti la soda mbele ya umati, akanunua chupa, akaiweka juu ya mizani ya muuza nyanya, akaichemsha kwenye jiko la muuza chai mpaka ikabaki sukari iliyoganda na rangi, akawauliza watu, "Damu inatengenezwa wapi?" akajibiwa, "Moyoni!" akasema, "Hapana, ndani ya mifupa, na mifupa haitengenezi kitu kama hujailetea chuma na protini, sasa mtu anayewaambia muache chakula anawapa damu au anaivuta?"

Umati ulifanya kile ambacho umati hufanya. Meza ilivunjwa, chupa zikapasuliwa moja moja, kipaza sauti kikakanyagwa, kisha watu wakamgeukia muuza maji mwenyewe kwa ngumi, mateke na vigae vya chupa zake, na marehemu akaruka kutoka kwenye kreti, akajilaza juu yake, akapokea mateke ya mgongo yaliyokuwa yanamhusu mwingine, huku akipiga kelele, "Mwulizeni maswali, msimpige! Mtu aliyepigwa hajifunzi kitu ila njia ya kurudi!" Walipotolewa wote wawili walikuwa na damu, na muuza maji alimtazama yule aliyemlalia akamwambia, "Wewe ndiye umenimaliza, nitakuja darasani kwako."

KUUGUA NA KUFARIKI. Marehemu hakuugua. Siku ya Alhamisi tarehe 12 Septemba 2019, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa katika chumba namba tano akifundisha wanafunzi thelathini na mmoja, Mzee akiwa ameshafunguliwa na viungo viko sakafuni, na mimi mdogo wake nikiwa nimekaa kwenye kona kwa kuwa nilikwenda kuazima fuvu la mchezo wetu wa kuigiza wa Jumamosi, mlango ulipigwa teke, akaingia muuza maji mekundu na kisu cha kukatia nyama. Wanafunzi walitoka kwa mlango, kwa madirisha, wengine kwa kupasua vioo kwa madawati, na yule mtu akavuka chumba akikanyaga ini la plastiki, akamwingiza kaka yangu kisu upande wa kushoto, chini kidogo ya mbavu, mpaka kwenye mpini. Marehemu alitazama chini, akatazama juu, akamwambia, "Umechelewa ndugu yangu, bandama hiyo ilitolewa mwaka themanini na tatu," kisha akanyakua mfupa wa paja wa ile mifupa ya kufundishia, ambao ndio mrefu na wenye nguvu kuliko mifupa yote, akamshushia taya mara moja, taya likatoka mahali pake, yule mtu akaanguka kama gunia, na mlinzi wa chuo akamfunga kwa mkanda wake. Yuko mikononi mwa polisi, taya limefungwa waya, ananyweshwa kwa mrija.

Kaka alikaa sakafuni, akaegemea mguu wa meza, akasema darasa linaendelea, ingawa darasa lilikuwa limebaki mtu mmoja, naye ni Kidaftari. Alimuuliza, "Kimeingia wapi?" Akajibu, "Kushoto, mwalimu, chini ya ubavu wa kumi na moja." "Kushoto kwa nani?" "Kwako, mwalimu." "Vizuri. Tunafanya nini?" Binti akasema, "Hatukigusi, tunakizungushia nguo kisicheze, kwa sababu mshipa kilioukata, kimeuziba chenyewe." Kaka akatabasamu akasema, "Andika." Binti akavua koti lake jeupe, akalikunja kuzunguka mpini, akamshika mwalimu wake mkono na kuhesabu mapigo, tisini na sita kwa dakika, akayaandika kwenye daftari pamoja na saa, na kwa dakika sita mgonjwa alikuwa anaongea, anatania, anauliza nani atamjenga Mzee.

Kisha kisu kikachomolewa. Damu iliruka mpaka kwenye ubao, kwa kuwa mshipa ule ulikuwa wa figo, na figo mbili za mtu hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu yote ambayo moyo unasukuma kila dakika. Kidaftari aliingiza ngumi ndani ya jeraha, akakandamiza kwa uzito wake wote, sakafuni, mlangoni, ndani ya gari nililoleta, kwa dakika thelathini na tatu, mpaka vidole vikakakamaa na wauguzi ikabidi wamfungue kimoja kimoja, na ndiyo maana mlimwona na damu hadi viwikoni, na ndiyo maana kisu kilikutwa pale alipokuwa amepiga magoti. Marehemu alifariki katika chumba cha dharura saa tano na dakika tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, miezi mitano na siku ishirini na tisa.

SHUKRANI. Familia inamshukuru daktari wa zamu na wauguzi waliomwongezea damu mpaka hifadhi ikaisha, majirani waliotandika, waliopika na waliolala sakafuni kwetu tangu Alhamisi, mkuu wa chuo na wakufunzi wote, akiwemo yule wa ini, aliyestaafu, aliyekuja leo kwa magongo na kusimama kulia kwa jeneza, kulia kwa marehemu, nimemwona. Tunamshukuru mlinzi kwa mkanda wake. Na familia haijaniagiza hili, lakini tunamshukuru Kidaftari kwa dakika thelathini na tatu.

Kaka, damu yako imemaliza mzunguko, mifupa yako yote na kile kipande cha mkunga ipumzike, ulale kwa amani, hakuna atakayekuvuta mkono tena.

Bado nina mistari michache, nimeiweka mwisho kwa sababu niliogopa kuianza. Mmenishukuru siku nne kwa kuleta gari, mmeniletea chai, nikanywa. Aliyechomoa kisu ni mimi. Kidaftari alinipigia kelele, "Baba mdogo, usiguse!" nikamsukuma akagonga meza, na kaka, damu ikimtoka, alimshika yule binti kiwiko akamwambia, "Usimseme, huyu hakusoma darasa letu," naye amemtii mwalimu wake mpaka leo, huku mkimtemea mate njiani na mimi nikinyamaza. Mwanangu, mfungulie geti Kidaftari, ni dada yako, apite, halafu baba yako mdogo anakuja hapo ulipo. Sina utetezi, nina maelezo tu, kwamba miaka ishirini na miwili nimechomoa visu vifuani mwa watu jukwaani, kila Jumamosi, na kila niliyemchomolea aliinuka, akainama, akapigiwa makofi, kwa hiyo siku ile nilikichomoa kwa mikono miwili, nikarudi nyuma hatua moja kumpa kaka yangu nafasi, nikasubiri ainuke.